Shajara ya mradi: pilipili za Asia juu ya mkaa

Januari: lengo na mipaka ya kazi

Mradi huu unakusudia kutoa mwongozo mfupi wa Kiswahili kwa watu wanaochoma nyama, wawe wa nyumbani au wa biashara ndogo, unaoeleza jinsi wapishi wa Asia wanavyoitumia pilipili kabla nyama haijafika motoni. Asia ni pana mno kwa kijitabu kimoja, kwa hiyo tumejifunga na Goa, kaskazini mwa India, Korea Kusini, kisiwa cha Lombok kilichopo Indonesia, na jimbo la Sichuan nchini China. Sehemu hizi hazikuchaguliwa kwa umaarufu pekee, bali kwa sababu kila moja huibeba pilipili ndani ya kitu tofauti: siki, mtindi, soya iliyochachushwa, viungo vilivyokwisha kukaangwa, au mafuta ya moto yanayomwagwa mwishoni. Kitu hicho tutakiita kibebeo, na mchanganyiko mzima wa kulowekea nyama tutauita rojo.

Majaribio yanafanyika Dar es Salaam, kwenye jiko la mkaa la kawaida lenye wavu unaoweza kupandishwa na kushushwa, na nyama ya msingi ni paja la kuku lenye ngozi na mfupa. Vindaloo ya Goa na jeyuk bokkeum ya Korea kwa asili ni mapishi ya nguruwe, nyama ambayo walaji wetu wengi hawaili. Tumeamua kulisema hilo waziwazi ndani ya mwongozo badala ya kuyatoa mapishi hayo kana kwamba tangu zamani yalikuwa ya kuku au mbuzi. Paja limepewa nafasi mbele ya kidari kwa sababu lina mafuta, na pilipili bila mafuta haifanyi kazi yake sawasawa.

Februari: kinachopenya na kinachobaki nje

Wachomaji wengi huamini kwamba nyama ikilala kwenye pilipili usiku kucha, ukali utafika hadi mfupani. Tulitaka kulipima dai hilo kabla ya kugusa pishi la nchi yoyote, kwa kuwa mwongozo mzima ungejengwa juu yake. Mapaja ya uzito unaokaribiana yalipakwa rojo moja la pilipili kavu iliyosagwa, kitunguu saumu, chumvi na mafuta. Mengine yakakaa kwa saa moja, mengine yakalala kwenye friji hadi asubuhi, kisha yote yakachomwa kwa pamoja.

Yalipoiva tuliyakata kwa kisu chembamba, tukivuka mfupa. Katika yote, wekundu uliishia kwenye ngozi na kwenye tabaka jembamba la nyama lililo chini yake, isipokuwa pale nyama ilipokuwa imechanjwa: hapo mstari mwekundu ulishuka pamoja na mkato na kuishia mkato ulipoishia. Ndani, nyama ilikuwa nyeupe na haikuwasha hata kidogo, iwe ililala au haikulala. Kilichotofautiana ni chumvi. Paja lililolala lilikuwa limekolea hadi karibu na mfupa na lilikuwa na unyevu zaidi, ilhali lile la saa moja lilikuwa na chumvi nje na ndani likawa chapwa.

Sababu yake inaeleweka. Chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa chembe ndogo sana zenye chaji, nazo hupita polepole katika maji yaliyomo ndani ya nyama. Kapsaisini, kemikali inayoifanya pilipili iwashe, haiyeyuki vizuri katika maji. Hupenda mafuta na pombe, na nyama mbichi, karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Rangi nyekundu ya pilipili, inayotokana na karotenoidi kama kapsanthini, nayo hufuata mafuta vilevile. Kwa hiyo rojo la pilipili ni vazi la nyama, na kumchanja kuku si urembo bali ni njia ya kuliongezea vazi hilo eneo la kukaa.

Uamuzi uliotokana na kipimo hiki unatawala kazi yote inayofuata. Chumvi itapimwa kwa uzito wa nyama, gramu 12 kwa kila kilo, na itatangulia. Pilipili itafuata baadaye, kwa muda unaotegemea kibebeo chake. Linalobaki kuulizwa ni jinsi rojo linavyoshika juu ya nyama, na linavyofanya likikutana na moto.

Machi: ununuzi wa pilipili

Mpishi wa Afrika Mashariki akikuta pishi la India linalotaka pilipili kavu kumi na tano kwa kilo moja ya nyama, ama hushtuka na kuliacha, ama huweka mbili na kujiona amefanya busara. Tatizo liko kwenye aina ya pilipili. Kipimo kinachotumika duniani kilibuniwa mwaka 1912 na mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, aliyekuwa akizimua dondoo la pilipili kwa maji ya sukari hadi waonjaji wake wasihisi tena ukali. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mitambo ya maabara, ila jina la kipimo limebaki. Pilipili za Kashmiri, ambazo ndizo pishi la namna hiyo linazozitaka, huwa kati ya 1,000 na 2,000 katika kipimo hicho. Pilipili kichaa, zile ndogo zinazosimama wima mtini, hufika kati ya 50,000 na 100,000, na pilipili mbuzi, ambayo ni ya spishi moja na habanero, hukadiriwa kati ya 100,000 na 350,000. Hakuna namna ya kubadilishana moja kwa nyingine kwa idadi wala kwa uzito.

Jambo ambalo hesabu hiyo hailionyeshi ni kwamba pilipili za ukali mdogo, kama Kashmiri, Byadgi ya Karnataka kusini mwa India, au gochugaru, pilipili ya unga ya Korea, haziwekwi kwa ajili ya kuwasha tu. Zinatoa rangi, utamu kidogo, harufu inayokaribia ya matunda yaliyokaushwa, na juu ya yote zinatoa wingi: ganda lake likilowekwa na kusagwa ndilo linalolifanya rojo liwe zito na ling'ang'anie ngozi ya kuku. Anayetia pilipili mbuzi mbili badala ya Kashmiri kumi na tano ataupata ukali, lakini rojo lake litabaki majimaji na litachuruzika lote kwenye makaa.

Kashmiri kavu tulizipata katika maduka ya viungo ya Kisutu. Kwa msomaji aliye mbali na maduka ya namna hiyo, mwongozo utapendekeza pilipili ndefu nyekundu zilizokaushwa, zikiondolewa mbegu na utando mweupe wa ndani, pamoja na paprika ya kukoleza rangi. Utando huo ndio makao ya kapsaisini. Mbegu huwasha kwa sababu tu zimegusana nao, na sisi tunaziondoa kwa sababu nyingine, nayo ni kwamba huungua mapema na kuacha uchungu. Mikono iliyofanya kazi hiyo isuguliwe kwanza kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni, kwa kuwa maji peke yake huusambaza ukali tu.

Kuhusu kusaga, blenda inadai maji ili izunguke, na maji hayo ndiyo yanayoliharibu rojo. Waindonesia husagia kwenye cobek, sahani ya jiwe yenye kina kifupi, kwa kipande cha jiwe kinachosukumwa kwa kuviringisha mkono badala ya kutwanga. Jiwe la kusagia viungo linalojulikana pwani linatoa matokeo hayo hayo. Mwenye blenda tu atie siki, mtindi au mafuta ya pishi lenyewe, asitie maji.

Machi, kuendelea: pilipili ilivikuta vibebeo

Dokezo hili ni fupi, lakini lazima liingie katika utangulizi wa mwongozo. Pilipili ni mmea wa Amerika. Wareno waliiteka Goa mwaka 1510, na katika karne hiyo hiyo pilipili ikaenea kwenye njia za biashara za Asia. Nchini China, mwandishi Gao Lian aliitaja katika maandishi ya mwaka 1591, na huko Korea inatajwa katika kitabu cha Yi Su-gwang cha mwaka 1614. Kabla pilipili haijafika, ukali wa chakula ulitoka kwenye pilipili manga, pilipili ndefu ya India, tangawizi, na huko Sichuan kwenye huajiao, punje inayotia ganzi ulimini. Mtindi, siki, soya iliyochachushwa na uduvi uliochachushwa vilikuwapo tayari, na vilikuwa vikilowekewa nyama. Kwa hiyo anayejifunza rojo la pilipili la nchi fulani ajifunze kwanza kibebeo chake, kwa kuwa ndicho chenye umri na ndicho chenye kanuni.

Machi, mwishoni: Goa na siki

Vindaloo imetokana na pishi la Kireno la nyama iliyolazwa kwenye mvinyo na kitunguu saumu. Goa iliweka siki ya mnazi mahali pa mvinyo, ikaongeza pilipili nyekundu, bizari nyembamba, dalasini, karafuu, pilipili manga na tangawizi. Siki hiyo hutokana na tembo la mnazi lililoachwa lichachuke kupita kiwango cha kunyweka, jambo ambalo mgema yeyote wa pwani yetu analijua, na jamii za Wagoa zilizokaa Zanzibar, Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam hazikuwa na haja ya kuitafuta mbali.

Mama mmoja mwenye asili ya Goa aliyekuja jikoni kutazama alionja rojo letu la kwanza kwa ncha ya kijiko, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, siki yako imetangulia mbele ya kila kitu. Ongeza kitunguu saumu, tia sukari guru kidogo, halafu iache ilale." Tulifuata. Kwa kilo moja ya mbuzi tunatumia sasa Kashmiri kumi na tano zilizolainishwa ndani ya siki yenyewe, punje kumi na mbili za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, kijiko kidogo cha bizari nyembamba, karafuu nne, kipande cha dalasini, nusu kijiko kidogo cha pilipili manga, mililita 100 za siki na kijiko kikubwa cha sukari guru.

Ikumbukwe kwamba vindaloo hupikwa ndani ya chungu pamoja na rojo lake, ambalo hugeuka kuwa mchuzi, kwa hiyo Goa haikulazimika kutatua tatizo la kuungua. Kwenye wavu, siki ina tabia mbili zinazohitaji uangalizi. Kwanza, huikaza protini ya juu ya nyama. Mbuzi huvumilia usiku mzima, lakini kuku akizidi saa chache sehemu yake ya nje huwa kavu na yenye ungaunga. Pili, rojo lake ni chepesi na halishiki, isipokuwa nyama itolewe, ipanguswe rojo la ziada na kuachwa bila kufunikwa ndani ya friji hadi uso wake ukauke.

Vyombo ni suala ambalo mwongozo utalisisitiza kuliko vitabu vinavyotoka nje, kwa sababu masufuria yetu mengi ni ya aluminiamu. Siki, ukwaju na ndimu huila aluminiamu, na rojo lililolala humo huchukua ladha ya chuma. Bakuli la kioo, la udongo uliong'arishwa, la chuma cha pua au la plastiki ya chakula linafaa.

Aprili: mtindi wa kaskazini mwa India

Kuku wa tandoori hulowekwa mara mbili, na utaratibu huo unakubaliana kabisa na kipimo chetu cha Februari. Rojo la kwanza ni chumvi, maji ya limau na pilipili ya unga, vinavyosuguliwa ndani ya michanjo. Baada ya nusu saa hivi hufuata la pili, lenye mtindi mzito, tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa, Kashmiri, gharam masala, majani makavu ya uwatu na mafuta ya haradali. Mtindi unapaswa kuning'inizwa kwenye kitambaa safi hadi maji yake yatoke. Mtindi wa dukani ambao haujachujwa hudondoka wote na kuuzima moto.

Asidi ya mtindi ni ya upole kuliko siki, hivyo kuku hulala humo bila madhara. Mafuta ya maziwa na ya haradali huichukua rangi na ukali wa pilipili na kuvitandaza sawasawa. Kaseini, protini ya maziwa, hushikamana na kapsaisini na kuipunguzia makali, ndiyo maana rojo hili huwa jekundu mno kuliko linavyowasha. Wapishi wengine huongeza unga wa dengu uliokaangwa kidogo ili rojo ling'ang'anie, na sisi tumeupenda.

Tanuri la udongo anamopikwa kuku huyu hupita nyuzi 400 za Selsiasi, na nyama hukaa humo kwa muda mfupi. Jiko letu halifiki huko. Tumelazimika kushusha wavu karibu na makaa mwishoni tu, ngozi ikiwa imekauka, ili yapatikane yale madoa meusi bila kuugeuza mtindi kuwa majivu.

Mei: Korea, na vita ya sukari na moto

Gochujang, kiungo kizito cha pilipili na soya cha Wakorea, hutengenezwa kwa pilipili ya unga, mchele unaonata, unga wa meju (soya iliyopikwa, ikaumbwa matofali na kuchachushwa), kimea cha shayiri na chumvi, kisha huachwa kwenye mitungi ya udongo inayoitwa onggi ikomae kwa miezi mingi. Wilaya ya Sunchang, huko Jeolla Kaskazini, ndiyo inayosifika kwayo zaidi. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza ujuzi wa Korea wa kutengeneza jang, yaani familia nzima ya viungo hivi vya soya, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kimea huuvunja wanga wa mchele kuwa sukari, na hapo ndipo utamu wa gochujang unapotoka, hata kabla mpishi hajaongeza sukari yake.

Utamu huo ndio uliotusumbua. Kwa kilo moja ya paja lisilo na mfupa tulichanganya vijiko vinne vikubwa vya gochujang, viwili vya gochugaru, vitatu vya mchuzi wa soya, kitunguu saumu, tangawizi, mafuta ya ufuta na kitunguu maji kilichokunwa. Harufu yake mbichi ilikuwa nzuri kuliko ya rojo lolote tulilolitengeneza kabla yake. Kuku alipowekwa wavuni, kingo za vipande zilianza kutoa mapovu, zikawa kahawia inayong'aa, na kabla mafuta ya ngozi hayajayeyuka zikawa nyeusi huku ndani nyama ikiwa ya waridi. Mchomaji wetu, mtu wa mishkaki kwa miaka mingi, alikuwa ameshatoa hukumu yake mapema: "Dada, hii itaungua kabla kuku hajaiva. Mngenipa nimpake mwishoni."

Tulipotazama namna Wakorea wenyewe wanavyofanya, tukakuta pendekezo lake halikuwa geni. Dak-galbi ya mji wa Chuncheon, kuku aliyelowekwa katika gochujang, hupikwa leo kwenye sinia pana la chuma pamoja na kabichi, viazi vitamu na vipande vya keki ya mchele. Mboga hutoa maji, maji huzuia sukari isiungue, mlaji hukoroga mbele ya macho yake, na mwishoni wali huingizwa sinia lile lile ili kukusanya rojo lililogandia chini. Jeyuk bokkeum nayo hukaangwa kwa vipande vyembamba vinavyoiva upesi. Wembamba wa nyama, maji ya mboga na kukoroga ni sehemu ya rojo hilo kama ilivyo pilipili yenyewe.

Kwa mkaa tumefikia njia hii: nyama itanguliwe na chumvi, mchuzi wa soya, kitunguu maji na gochugaru, ambayo haina sukari ya kuongezwa, ichomwe hadi karibu kuiva, kisha gochujang iliyolainishwa kwa mafuta ya ufuta ipakwe kwa brashi na kugeuzwageuzwa kwa dakika chache tu juu ya wavu uliopandishwa. Wakorea pia hutia pea iliyokunwa au tunda la kiwi ili kulainisha nyama ngumu. Kiwi lina kimeng'enya kinachovunja protini, kama lilivyo papai bichi ambalo wachoma mishkaki wa pwani hulitumia, na tahadhari ni moja: kwa ng'ombe linasaidia, kwa paja la kuku likikaa muda mrefu linaifanya nyama iwe rojorojo.

Juni: Lombok, pilipili iliyokwisha kupikwa

Hapa ndipo kazi ilipofunguka. Ayam taliwang ni kuku wa Lombok, na jina lake linahusishwa na Karang Taliwang, mtaa wa mji wa Mataram. Huchaguliwa kuku wa kienyeji mchanga, mdogo, anayepasuliwa kifuani na kubanjuliwa. Viungo vyake ni pilipili kavu, pilipili mbichi ndogo, vitunguu vidogo vyekundu, kitunguu saumu, nyanya, sukari ya mnazi, kencur, ambayo ni mzizi mdogo wa jamii ya tangawizi wenye harufu kali inayokaribia ya kafuri, na terasi, donge la uduvi lililochachushwa na kukaushwa.

Tofauti yake na mengine yote iko kwenye mpangilio. Viungo vikishasagwa hukaangwa kwanza kwa moto mdogo, tena kwa muda mrefu, hadi maji yote yakauke na mafuta yajitenge pembeni yakiwa mekundu. Kuku huchomwa mbichi bila kupakwa chochote cha kuungua, akafika nusu ya kuiva. Kisha hugongwagongwa kwa ulekan, kile kipande cha jiwe cha kusagia, ili nyama ifunguke, akapakwa rojo lililopikwa, akarudi motoni kwa muda mfupi. Hakuna kulala usiku kucha.

Tuliposimama juu ya karai tukikaanga rojo hilo, mabadiliko yalionekana kwa hatua. Mwanzoni lilirukaruka na kutoa mvuke uliotukohoza sote, kwa sababu chembe za pilipili zilikuwa zikibebwa na mvuke huo. Baadaye mlio ukashuka, rangi ikatoka kwenye wekundu wa damu ikawa kama ya tofali, harufu ya kitunguu kibichi ikaisha, na mwiko ukaacha njia chini ya karai isiyofunikwa tena upesi. Wakati huo kapsaisini na rangi vimekwisha kuhamia kwenye mafuta. Mafuta hayo yanapopakwa juu ya kuku aliyegongwa, huingia kwenye nyufa za nyama ambazo rojo bichi halikuweza kuzifikia, na tulipomkata kwa kisu kile kile cha Februari, wekundu ulikuwa umeshuka ndani kuliko katika jaribio lolote lililopita. Pilipili haikupenya nyama, nyama ilifunguliwa.

Terasi hubanikwa kidogo kwanza, na nyumba nzima hujua. Msomaji asiyeipata anaweza kusaga uduvi mkavu uliokaangwa bila mafuta pamoja na chumvi, ingawa ile ladha ya kuchachuka itapungua, na hatutadai vinginevyo. Kencur hatukuweza kuipata mbichi. Tumetumia ya unga, na tunakataa ushauri unaotolewa mara kwa mara wa kuweka tangawizi mahali pake, kwa sababu tangawizi inaipeleka ladha upande mwingine kabisa. Ni heri kuiacha.

Tukalirudisha somo la Lombok kwenye yale mengine. Rojo la vindaloo likikaangwa hadi mafuta yajitenge, kisha likapakwa kwa mbuzi aliyelala na chumvi na siki tu, hukaa wavuni bila kuungua upesi na huacha ukali mwingi mdomoni kuliko lile bichi. Mpishi wa Goa huenda asiliite vindaloo, na sisi katika mwongozo tutaliita mbuzi wa kuchoma wa siki na pilipili.

Juni, mwishoni: Sichuan

Sichuan imeingia kama kipingamizi. Kwa umaarufu wake wa ukali, mtu angetazamia nyama ilazwe kwenye pilipili, lakini mapishi yake mengi hayafanyi hivyo. Vipande vyembamba vya ng'ombe au samaki hukorogwa na chumvi, mvinyo wa mchele, wanga na mara nyingine ute wa yai, ili vipate ngozi laini inayozuia maji yasitoke. Pilipili huwa kwenye mafuta. Doubanjiang ya Pixian, wilaya ya Chengdu ambayo sasa huitwa Pidu, ni mchanganyiko wa pilipili, maharage mapana, unga wa ngano na chumvi uliochachushwa kwa mwaka mmoja au zaidi. Hukaangwa taratibu hadi mafuta yawe mekundu, na katika pishi la shuizhu, pilipili kavu na huajiao hutandazwa juu ya nyama iliyokwisha kuiva, kisha mafuta ya moto humwagwa juu yake yakichachatika. Vighairi vipo, kama nyama ya ng'ombe inayopakwa pilipili kavu kabla ya kutumbukizwa kwenye chungu cha moto cha Chongqing. Hata hivyo mwelekeo wa jumla unatosha kutuonyesha kwamba nyama inaweza kutayarishwa kwa ajili ya pilipili bila kuguswa nayo.

Kwa mchomaji, faida yake ni mafuta ya pilipili ya kumalizia. Pilipili ya unga huungua kwenye mafuta ya moto sana na kuwa chungu kwa sekunde chache, kwa hiyo tunayaacha mafuta yapoe kidogo baada ya kutoka motoni, tukijaribu kwa chembe moja: ikitoa mapovu bila kugeuka nyeusi, yanamwagwa.

Julai: kuonja

Waonjaji walipewa vipande vya sehemu moja ya paja, vya joto moja. Sharti la joto si la urasimu. Kipokezi cha neva kinachoitwa TRPV1, kilichogunduliwa na David Julius na wenzake mwaka 1997, kazi iliyochangia yeye kupata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, huamshwa na kapsaisini na pia na joto linalozidi takriban nyuzi 43. Chakula kile kile kikiwa cha moto huwasha zaidi kuliko kikiwa kimepoa. Kati ya kipande na kipande walikunywa maziwa, maana maji hayasaidii.

Kuku wa Lombok alitajwa kuwa mkali kuliko wote, ijapokuwa rojo lake lilikuwa na pilipili kavu chache kwa uzito kuliko la vindaloo. Wa mtindi ndiye aliyemalizwa na watoto. Rojo la Korea liligawa watu: wengine walisema utamu wake si wa nyama, wengine waliomba lililobaki wakalie wali.

Julai, mwishoni: hifadhi ya rojo

Sehemu ya mwisho iliyobaki kuandikwa ni ya usalama. Rojo lililokaangwa hadi mafuta yajitenge, likiwekwa kwenye chupa safi iliyokauka na kufunikwa kwa mafuta, tutalielekeza litunzwe kwenye friji na litumike ndani ya wiki moja. Rojo bichi lenye kitunguu saumu ndani ya mafuta halitaachwa nje hata kwa siku moja, kwa kuwa bakteria wa botulizimu hustawi mahali pasipo hewa. Rojo lililogusa kuku mbichi halitapakwa kwa brashi juu ya kuku aliyeiva, na anayetaka kulitumia kama mchuzi alichemshe kwanza litokote vizuri. Njia rahisi ni kutenga sehemu ya kupakia mwishoni kabla nyama haijaingia bakulini, na kuku asitolewe motoni kabla kipimajoto kilichochomekwa kwenye paja, mbali na mfupa, hakijafika nyuzi 74.